Namna ya kumsindikiza ndugu anayeacha pombe

Katika makanisa yetu, mtu akitubu ulevi tunamwombea, tunapiga makofi, kisha anarudi nyumbani peke yake. Jirani anauza kasiksi. Kioski cha barabarani kina chupa ndogo za pombe kali. Akianguka baada ya miezi miwili, tunasema toba yake ilikuwa ya uongo. Wapendwa, tuone ni nini tunachoweza kufanya.

Kujua ugonjwa

Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu utegemezi wa pombe kati ya magonjwa. Hilo haliondoi wajibu wa mtu mbele ya Mungu. Linatukumbusha kwamba maombi na matunzo vinakwenda pamoja.

Siku za kwanza

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi. Wengine hupata degedege au kuona vitu visivyokuwepo, hasa katika siku tatu za kwanza. Anaweza kufa. Tusikimbilie kusema ni pepo, wala tusimfungie chumbani afunge na kukesha. Aonwe na muuguzi au daktari kabla ya kuacha. Kwa afya ya akili, Bukavu inajua SOSAME na Goma inajua Tulizo Letu, kazi za Frères de la Charité. Tusione haya kumpeleka ndugu yetu kwa Wakatoliki.

Miezi inayofuata

- Wachaguliwe watu wawili wa kumtembelea, hasa siku za hatari: siku ya mshahara, siku ya soko, wakati wa matanga.
- Msaada uwe chakula au karo ya watoto. Tusimlipie madeni ya pombe, wala tusidanganye kwa mwajiri wake.
- Mke na watoto nao wasikilizwe. Mama aliyekimbia kipigo asilazimishwe kurudi kwa sababu mume ametubu Jumapili.
- Tutunze siri yake. Asisukumwe kutoa ushuhuda mbele ya watu akiwa bado dhaifu.
- Kwenye Meza ya Bwana na kwenye harusi zetu, kiwepo kinywaji kisicho na kileo.

Mwaka 1877, huko Geneva, mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha Croix-Bleue. Ndani yake hata wasiokuwa walevi waliacha pombe, ili anayepigana asiwe peke yake. Anayetaka kusindikiza ajiulize kama yuko tayari kwa hilo.

Akianguka tena

Wengi huanguka kabla ya kusimama imara. Tumwulize kwa upole: ni nini kilitangulia? Ugomvi, njaa, rafiki fulani, habari mbaya kutoka kijiji alichokimbia? Jibu lake litaonyesha mahali pa kumlinda kesho.

Wazee wa kanisa wanaweza kumsimamisha Meza ya Bwana kwa muda. Lakini kusimamishwa Meza kusigeuke kuwa kufukuzwa kati ya watu. Paulo, katika Wagalatia 6, anataka aliyekosa arejeshwe kwa upole, na anayemrejesha ajiangalie mwenyewe.

Jumapili hii, kila shemasi atafute jina moja katika mtaa wake: nani ameacha pombe, na nani alimtembelea wiki iliyopita?