Kitanzi, Marisau na Tope la Sabaki

Historia ya uwindaji nchini Kenya imeandikwa kwa pembe za ndovu na ngozi za simba, na ndege wakasahauliwa. Katika nchi ya Malindi na Kilifi usahaulifu huo ni hasara kubwa, kwa sababu nyama ya porini iliyofika kwenye vyungu vya watu wengi ilikuwa ya kanga, kororo, kwale na bata wa mwituni, walionaswa pale ardhi inapolowa: kingo za mto Sabaki, maziwa ya Jilore na Chemchem, mabwawa ya mvua ya msitu wa Dakatcha. Ukifuatilia uwindaji huu tangu zamani hadi leo, utaona kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja sheria ilipima chombo alichoshika mwindaji kuliko madhara aliyoyafanya, na huku macho yote yakimwandama mtega vitanzi, maeneo ya maji yenyewe yaliharibiwa na mambo mengine.

Uwindaji hapa ni wa kale mno. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wanaakiolojia walifukua kaburi la mtoto mdogo aliyezikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita, na tabaka za pango hilo zina mabaki ya wanyama walioliwa na vizazi vingi. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa ni wavuvi na wawindaji. Kumnasa kanga kulihitaji elimu zaidi ya nguvu. Kanga hutembea kuliko kuruka, hupenda njia zake za kila siku, hulala mtini kwa kundi, na kiangazi hulazimika kushuka majini. Tope humfichua: nyayo husema ni wangapi, wamepita lini na wanaelekea wapi. Mtegaji huweka uzio mfupi wa miiba wenye vipenyo, na katika kila kipenyo akatega kitanzi. Ndege akipita, shingo au mguu umeshikwa. Kwa bata kazi ni ngumu zaidi, maana hushuka penye maji mengi na huondoka kwa kishindo kimoja. Maarifa haya yote, ya msimu, ya maji na ya mwendo wa ndege, ndiyo leo tungeyaita elimu ya mazingira.

Kisha ikaja sheria. Mwezi Mei 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalikutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Nyavu na mashimo ya kutegea yalitakiwa kuwekewa vizuizi; bunduki ilihitaji leseni tu. Kanuni za Waingereza katika Afrika Mashariki zilifuata mkondo huo huo, na aliyeweza kulipia leseni akawa mwanamichezo, asiyeweza akawa jangili. Mwandishi Ernest Hemingway alivua samaki Malindi mwaka 1934, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kizima cha safari yake ya uwindaji kilichosomwa duniani kote. Mtegaji wa Jilore wa enzi hiyo, kama ameandikwa popote, ameandikwa kwenye daftari la mashtaka. Hata marufuku ya Mei 1977 iliyofunga uwindaji wa wanyama wakubwa iliacha mlango wazi kwa bunduki ya marisau: vibali vya kupiga ndege kwa mchezo viliendelea kutolewa. Kitanzi hakikuwahi kupata mlango kama huo, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inalitaja hata kosa la kuwinda kwa ajili ya kujilisha.

Mtetezi wa sheria atajibu kwamba kitanzi hakichagui, na hoja hiyo ni ya kweli. Waya unaotegewa kanga msituni Arabuko-Sokoke humnasa pia paa nunga na sengi, wanyama walio adimu. Atasema pia kwamba watu wameongezeka na misitu imepungua, na kwamba mbinu nyingine ni mbaya kuliko waya: katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ndege wa maji wamekuwa wakiuawa kwa sumu ya wadudu na kuuzwa kama kitoweo. Nakubali yote hayo, na sitetei kufunguliwa kwa uwindaji. Ninachokataa ni hatua inayofuata katika hoja hiyo, ile ya kudhani kwamba ukishamkamata mtegaji umemwokoa ndege.

Ushahidi wa kuikataa uko baharini. Watafiti walichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300, na matokeo yakachapishwa 2007. Tumbawe lile lilihifadhi, mwaka kwa mwaka, alama za udongo ulioletwa na Sabaki. Kwa miaka mingi udongo ulikuwa kidogo. Ukaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati walowezi walipokuwa wakikata misitu na kulima nyanda za juu. Yaani serikali ile ile iliyoyawekea vizuizi mashimo ya kutegea ndiyo iliyofungua mashamba yaliyoubadilisha mto. Ni kweli kwamba tope limewatengenezea ndege wa pwani sehemu za kulia chakula pale mdomoni mwa mto, lakini mto unaobeba shamba la mtu hadi baharini si mto wenye afya. Uhuru haukumaliza tabia hii. Huko Dakatcha, mpango wa kulima mibono ya mafuta kwenye hekta 50,000 ulifika mezani kwa wakubwa kabla ya kukwama mwaka 2012. Hakuna mtega kanga aliyewahi kutishia ardhi ya ukubwa huo.

Tena Dakatcha inatuonyesha njia nyingine. Kwera wa Clarke, ndege asiyeishi popote duniani ila Kilifi, alielezwa na wataalamu mwaka 1913, na kwa karne nzima hakuna mwanasayansi aliyejua anakotaga. Machi 2013 mtazamaji wa ndege Fleur Ng'weno pamoja na watu wa kikundi cha uhifadhi cha wenyeji wa Dakatcha walikuta viota vyake kwenye bwawa la msimu. Wenyeji hawa hawakuwa wageni wa tope lile. Kwa hiyo nawaomba Shirika la Wanyamapori na serikali ya Kaunti ya Kilifi: mnapoandika mipango ya Sabaki, Jilore na Dakatcha, waiteni wazee waliowahi kutega, wasikilizwe bila hofu ya kushtakiwa, na vijana wao waajiriwe kuyalinda mabwawa hayo kabla hayajakatiwa hati za mashamba.