Kukwama kwa qi

Kukwama kwa qi ni hali ambayo, kwa mafundisho ya tiba ya jadi ya Kichina, nguvu ya uhai iendayo mwilini hupoteza mwendo na kujikusanya mahali pamoja. Nguvu yenyewe haijapungua, imefungiwa. Mgonjwa wa namna hii haongezewi nguvu, hufunguliwa njia, na tabibu akikosea hapo akampa dawa za kutia nguvu, huhesabiwa kuwa amezidisha ugonjwa.

Mafundisho haya yamejengwa juu ya Huangdi Neijing, mkusanyiko wa maandiko uliochukua umbo lake katika karne za mwisho kabla ya Kristo. Humo qi hupita katika njia kuu 12, kila moja ikifungamana na kiungo chake, na afya ni mwendo usiokatika. Mwendo huo huharibika kwa namna nne. Qi ikipungua, mtu huchoka upesi, sauti humfifia na jasho humtoka bila kazi. Ikiporomoka, viungo vya ndani hulegea na kushuka. Ikirudi kinyume, huleta kwikwi, kikohozi na kutapika, kwa kuwa qi ya tumbo na ya mapafu hupaswa kushuka. Ikikwama, huleta maumivu ya kujaa yasiyotulia mahali pamoja, kubanwa mbavu, tumbo kuvimba, matiti kuuma kabla ya hedhi, kushusha pumzi mara kwa mara, na donge la kooni lisilomezeka wala kutemeka.

Kiungo kinachobebeshwa lawama ni ini, maana ndilo lililopewa kazi ya kulainisha mwendo wa qi mwili mzima. Hasira iliyomezwa na mawazo yasiyoisha hutajwa kwanza miongoni mwa visababishi. Hufuata baridi, kula kupita kiasi, kuumia na kukaa kitako siku nzima. Tabibu Zhu Zhenheng (1281–1358) aliorodhesha mikwamo sita: ya qi, damu, kohozi, unyevu, joto na chakula, akaiweka ya qi mbele ya zote. Qi isiposukuma, damu nayo husimama, na hapo maumivu hutulia sehemu moja na uvimbe huanza.

Tabibu hutambua hali hii kwa mahojiano, kwa kuutazama ulimi, na kwa kushika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akitafuta mapigo yaliyokaza kama uzi wa zeze. Sindano huchomwa hasa kwenye nukta ya Taichong, juu ya mguu kati ya kidole gumba na cha pili, na Hegu, kati ya dole gumba la mkono na kidole cha shahada. Kuumika pia hutumika, na wazee wengi wa Afrika Mashariki waliojua chuku ya pembe hawangekushangaa. Katika dawa, mmea mashuhuri wa kuitembeza qi ni xiangfu, yaani tunguu la Cyperus rotundus. Huu ni ndago, gugu ambalo wakulima wa ukanda huu hulichimbua mashambani msimu baada ya msimu bila kulimaliza.

Mfano ulio wazi zaidi wa mkwamo katika vitabu vya zamani unahusu malaria, na hapo ndipo mada inapoifikia Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya. Tabibu Zhang Zhongjing, aliyeandika kama mwaka 200, alieleza kuwa homa ya vipindi isiyopona huacha donge gumu chini ya mbavu, liitwalo nüemu, na wafasiri wake wakalieleza kuwa ni qi, damu na kohozi vilivyoshikamana. Donge hilo ni wengu, au bandama, lililovimba kwa malaria ya kurudiarudia. Alama aliyoiona Zhang ilikuwa ya kweli kabisa: madaktari wa karne ya 20 walipima wingi wa malaria kijijini kwa kupapasa bandama za watoto.

Tororo imekuwa miongoni mwa maeneo yenye malaria kali kupita kiasi duniani. Vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikadiria kuwa mkazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka. Upuliziaji wa dawa majumbani, ulioanza mwishoni mwa 2014, ulipunguza mzigo huo kwa kiasi kikubwa. Kwa sababu ya malaria hiyo, kubanwa mbavu na tumbo kujaa hapa kuna maana nzito kuliko kwingine. Kwenye fukwe za Ziwa Victoria, huko Majanji na Port Victoria, kichocho cha tumbo nacho huvimbisha ini na bandama, na homa ya ini aina ya B ipo pia. Mtu akiambiwa tu kwamba qi ya ini lake imekwama, bila kupimwa damu na choo, anaweza kupoteza miezi ambayo angetibiwa.

Jirani ya Tororo, kwa Wanyole, mwanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte alieleza katika kitabu chake cha 1997 jinsi jamaa wa mgonjwa wanavyomwendea mpiga ramli kuuliza ni nani au nini kiko nyuma ya msiba: mizimu, laana au uchawi. Nadharia ya qi, kinyume chake, hutafuta kizuizi ndani ya mwili wenyewe.

Kitu kikubwa kilichotoka katika vitabu hivyo vya zamani vya Kichina kikafika mpakani hakikuhitaji qi. Tabibu Ge Hong, katika karne ya 4, alishauri kuloweka konzi ya qinghao, yaani Artemisia annua, katika maji na kunywa yaliyokamuliwa. Kwa kuwa hakutaja kuchemsha, mtafiti Tu Youyou alijaribu mwaka 1971 kuutoa uto wake kwa etha bila moto mkali, akafanikiwa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Artemisinini, dawa iliyopatikana katika uto huo, humwua mdudu wa malaria kwa kuchangamana na chuma kilichomo katika damu aliyoila. Tangu 2006 dawa mseto ya artemetha, itokanayo na artemisinini, na lumefantrini imekuwa chaguo la kwanza Uganda na Kenya. Huko Tororo, jaribio la wajawazito 300 lililochapishwa 2016 lilionyesha kuwa dihidroartemisinini na piperakwini kila mwezi ilishusha malaria ya kondo kutoka asilimia 50 hadi 27, ikilinganishwa na dawa ya kawaida ya kinga. Jaribio la wanawake 782 wilayani Busia, Uganda, lililochapishwa 2019, lilithibitisha kinga hiyo dhidi ya malaria, lakini hali za watoto wakati wa kuzaliwa hazikuwa bora zaidi.

Qi yenyewe haijapimwa kwa chombo chochote, wala njia zake hazijaonekana katika mwili uliopasuliwa. Baadhi ya matumizi ya sindano yana ushahidi, hasa nukta ya Neiguan dhidi ya kichefuchefu baada ya upasuaji. Mengi huonyesha tofauti ndogo yakilinganishwa na sindano za uongo. Shirika la Afya Duniani liliingiza mkwamo wa qi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, linalotumika tangu 2022, kwa ajili ya kuweka takwimu, si kuthibitisha nadharia. Shirika hilohilo halishauri chai ya Artemisia kwa malaria: kiasi cha dawa ndani yake hubadilika, na dozi pungufu huweza kukuza usugu, ambao tayari umeonekana kwa vimelea vya kaskazini mwa Uganda.