Kituo cha Uvira na Wageni Wake wa Majira: Historia Fupi

Kabla Uvira haijawa na maabara, ziwa letu la Tanganyika lilikuwa limekwisha kuzoea wageni wa kulipima. Mbelgiji Louis Stappers alilichunguza kati ya 1911 na 1913, na mikeke tunayokula hadi leo imebeba jina lake katika vitabu vya sayansi: Lates stappersii. Mwaka 1946 na 1947 ukaja msafara mkubwa zaidi, wa akina Leloup, Capart, Poll, Kufferath na Van Meel. Capart alichora ramani ya kina cha ziwa na kukuta mita 1,470 mahali pa chini kabisa. Wavuvi wa Kalundu, hapa Uvira, hawakushangaa. Wao walijua tangu enzi za babu zao kwamba kamba zao hazifiki chini.

Mwaka 1947 huohuo ndipo ilipoundwa IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, ikiongozwa na Louis van den Berghe, makao yake makuu yakiwa Lwiro upande wa Kivu. Mambo ya maji yalikabidhiwa kituo cha Uvira, na sisi wa Uvira tunaamini hapakuwa na mahali pengine pa kuyaweka. Upande wa kaskazini Ruzizi unamwaga maji ya ziwa Kivu juu ya mchanga na matope. Ukielekea kusini, milima inashuka moja kwa moja ziwani, na majabali yanaanza. Asubuhi moja mtafiti angeweza kufanya kazi katika dunia mbili za samaki na bado akarudi kula nyumbani.

Miaka ya 1950 ndiyo tunayoiita miaka ya waasisi wa kituo, Marlier na Dubois. Marlier alitembea mito ya milimani na kupekua fukwe za mawe, akaandika jinsi viumbe wa ukingoni wanavyoishi. Dubois alikuwa mtu wa vipimo: joto la maji, hewa iliyomo, umbali ambao jicho linaona ndani yake. Matokeo yake kuhusu ghuba ya kaskazini yalitoka 1958. Kazi za namna hiyo ndizo zilizotufundisha kwamba samaki wote wanaishi katika tabaka jembamba la juu. Ukishuka takriban mita 100 upande wetu huu, hewa inaisha, na chini ya hapo ni maji matupu yasiyo na samaki hata mmoja. Ziwa lote lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 linalisha watu kutoka kwenye gamba lake la juu tu.

Waasisi hao wawili wangali ziwani. Poll alimpa samaki mmoja mwenye madoadoa jina la Julidochromis marlieri mwaka 1956. Miaka mitatu baadaye Marlier naye akamwita samaki mwingine Tropheus duboisi, kwa heshima ya mwenzake. Vijana wetu wanapozamia ufukwe wa Bemba leo, wanakutana na Dubois kila siku.

Uhuru ulikuja, Wabelgiji wakapungua, na 1964, mwaka wa uasi, ulikuwa mgumu kwa mji mzima. Kituo kilibadilishwa jina zaidi ya mara moja hadi kikawa Centre de Recherche en Hydrobiologie, CRH kama tunavyokiita wote. Mlango haukufungwa moja kwa moja, na sifa ya hilo ni ya wenyeji.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaja Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Hiroya Kawanabe. Hapo ndipo maisha ya ufukweni yalipopata utamu wake. Walikuja msimu baada ya msimu, wakakaa, wakaenda, wakarudi, na kila mara wakakuta kambi za wavuvi mahali papya kidogo, kwa sababu mvuvi hufuata samaki na mwezi. Usiku wa giza taa zinawaka ziwani hadi alfajiri, na ndagala, dagaa wetu, wanaanikwa mchangani jua likitoka. Mbalamwezi ikijaa, samaki hawaitikii taa, nyavu zinashonwa, watu wanarudi kwa familia zao. Kuanzia Mei upepo wa kusini unavuma hadi Septemba. Mgeni aliyeingia majini bila kuwauliza wazee wa kambini habari za upepo alijifunza haraka kuwauliza.

Luhanga na Bemba ndizo zilizokuwa fukwe zao pendwa. Wasomi wa Kyoto na watafiti wetu wa Kongo walizama pamoja miongoni mwa mawe, wakihesabu nani anakula nini, nani analinda watoto, nani anamfukuza nani. Michio Hori alimfuatilia samaki mdogo aitwaye Perissodus microlepis, anayeishi kwa kuwanyofoa wenzake magamba. Baadhi mdomo wao umepinda kulia, wengine kushoto. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na wa kushoto ubavu wa kulia. Wakizidi wa aina moja, mawindo yanazoea kulinda upande huo, na wale wachache wanashiba. Basi kila kundi likizidi linashindwa, na idadi inayumba huku na huku karibu na nusu kwa nusu. Makala ya Hori ilitoka katika jarida la Science mwaka 1993, na wanafunzi wa biolojia duniani wanaisoma. Ningependa kila mtoto wa shule Uvira aisome pia, maana samaki huyo ni wa kwao.

Kisha ikaja vita ya 1996 na ya miaka iliyofuata. Wenzetu wa Kyoto wakahamishia kazi Mpulungu, Zambia, na hatukuwalaumu. Makobola, alikopatikana samaki mwenye jina la Marlier, palikuwa na kilio ambacho si cha kuandikwa hapa. Wafanyakazi wetu waliobaki waliendelea kupima samaki mialoni kila walipoweza.

Yafuatayo nayataja kwa ufupi. Mradi wa utafiti wa uvuvi uliofadhiliwa na Finland kupitia FAO, ulioanza 1992. Mradi wa bioanuwai, 1995 hadi 2000, uliohusisha nchi zote nne zinazopakana na ziwa. Mkataba wa ziwa uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa yenye makao Bujumbura. Toleo la kitabu cha akina Kawanabe, Hori na Nagoshi juu ya jamii za samaki wa Tanganyika, 1997. Mafuriko ya Aprili 2020. Kufungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei 2024, wakati kambi zilipobaki tupu na wavuvi wengi wakahangaika kutafuta chakula.

Shukrani zetu ziwafikie wapiga makasia, wapishi, walinzi wa usiku na akina mama waliowauzia wageni ugali na samaki aina ya kuhe wa kuchoma. Familia zenye picha au majina ya wazee hao zinaombwa kuyaleta kituoni, yaandikwe.