Baruti Ndani ya Usukani

Jina la kitu aghalabu humfundisha mtu namna ya kukiendea. Kile kilichofichwa katikati ya usukani wa motokaa tumekiita mfuko wa hewa, na jina hilo limetuliza nyoyo zetu kupita kiasi. Anayelisikia hufikiri mpira wa baiskeli au puto la watoto. Kumbe kilichomo ni kitambaa kilichokunjwa, na nyuma yake kikopo cha chuma chenye vidonge vya kemikali, ambavyo vikiguswa na cheche ya umeme huungua na kutoa gesi ya kuujaza mfuko ule kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kama ningaliombwa shauri siku jina lilipotungwa, ningalitaka neno baruti liwemo.

Hata hivyo jina hilo si la uongo mtupu, maana wazo lenyewe lilianza na hewa kweli. Mwaka 1951 Mjerumani Walter Linderer alipeleka ombi la hataza ya mfuko wa namna hii, na mwaka uliofuata Mmarekani John Hetrick, mhandisi wa Pennsylvania, akapeleka lake. Hetrick alikuwa safarini na mkewe na binti yao mdogo alipoliona ghafula jiwe mbele yake. Akakata usukani, akakanyaga breki, na gari likaingia mtaroni. Yeye na mkewe walinyosha mikono kwa mpigo mmoja kumzuia mtoto asigonge dashibodi. Hakuna aliyeumia, lakini tendo lile la mikono ndilo lililomfanya atafute kitu kitakachofanya kazi ya mikono ya wazazi kwa wepesi kuliko mikono yenyewe. Hataza zote mbili zilitolewa mwaka 1953. Muda wa ile ya Hetrick ulikwisha kabla viwanda havijaanza kuuza magari yenye mfuko, kwa hiyo hakupata faida yoyote.

Kilichowashinda wote wawili ni mwendo. Hewa iliyoshindiliwa katika chupa hutoka polepole mno, na kifua cha dereva hufika kwenye usukani mfuko ungali unafutuka. Dawa ya ucheleweshaji huo ikawa moto. Katika miaka ya 1960 vilipatikana vitambuzi vya kugonga, na baadaye sodiamu azidi ikatumiwa, kemikali yenye sumu kali ambayo ikiungua hutoa gesi ya naitrojeni, iliyo karibu sehemu nne kwa tano za hewa tunayovuta. General Motors iliuza magari kama 10,000 yenye mifuko hiyo kati ya 1974 na 1976, ikaacha. Mercedes-Benz ikaanza kuitia katika magari yake makubwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1991 sheria ya Marekani iliamuru iwemo katika kila gari dogo kuanzia magari ya mwaka 1998.

Hapo ndipo madhara ya dawa yalipoonekana. Mifuko ya kwanza ilipimwa iweze kumzuia mwanamume mzima asiyefunga mkanda, kwa hiyo nguvu yake ikawaua watoto waliokaa mbele na wanawake wafupi waliosogelea usukani. Wakuu wa usalama wa barabara wa Marekani walihesabu vifo zaidi ya 290 vya namna hiyo, katika ajali za mwendo mdogo, kati ya 1990 na 2008. Na wakuu hao hao wakakadiria kwamba hadi mwaka 2017 mifuko ya mbele iliokoa watu zaidi ya 50,000. Hesabu zote mbili lazima zisomwe pamoja. Nguvu ilipunguzwa, watoto wakahamishiwa viti vya nyuma, na madereva wakaambiwa waache nafasi ya sentimeta 25 kati ya kifua na usukani.

Msiba mkubwa zaidi ulitoka Japani, katika kampuni ya Takata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni hiyo ilitumia amonia naitreti, kemikali rahisi kwa bei, lakini isiyopatana na unyevu. Joto la mchana na ubaridi wa usiku, mwaka baada ya mwaka, huvivunja vidonge vyake vikawa ungaunga. Na unga huungua upesi kuliko kidonge. Kikopo hakistahimili kishindo hicho. Hupasuka, na vipande vya chuma hupenya kitambaa vikamwendea dereva usoni na shingoni. Magari yalianza kuitwa yarudi mwaka 2008. Mwaka 2017 kampuni ilikiri kosa la udanganyifu, ikatozwa dola bilioni moja, ikafilisika mwaka huo huo. Nchini Marekani peke yake vikopo kama milioni 67 viliamriwa vitolewe.

Walioumia zaidi ni watu wa nchi za joto na unyevu: Florida, Puerto Rico, Malaysia. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam na atazame angani. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na barua ya kuliita gari lirudi humfuata mwenye gari aliyeandikishwa kule, si yule aliyelipokea bandarini huku. Njia iliyobaki ni kuipeleka namba ya chesisi kwa wakala wa mtengenezaji na kuuliza kama kikopo kilikwisha kubadilishwa.

Haya nisingeyafuatia kama honi ya gari langu isingenyamaza. Nilikuwa nimetengenezewa mfumo wa usukani katika gereji moja. Siku ya pili honi haikulia, na taa nyekundu ya mfuko ikawaka katika dashibodi isizimike. Niliporudi, fundi aliniambia kwa upole, "Hiyo taa naizima sasa hivi, mwalimu, wala usijali." Alikusudia kuchomeka kipingamizi kidogo cha umeme mahali pa waya wa mfuko, ili gari lidhani mfuko uko salama. Sikumlaumu sana, kwa kuwa wateja wengi humwomba jambo hilo hilo. Nilimshukuru, nikaondoka.

Fundi wa pili alikuwa mzee mwenye maneno machache. Alitoa waya wa betri, akaniambia tungoje, kwa maana kisanduku cha kuongoza mfuko huweka akiba ya umeme ili kifanye kazi hata betri ikivunjika katika ajali. Tulingoja dakika zilizotajwa katika kitabu cha mtengenezaji. Kisha akautoa mfuko akiubeba uso wake ukielekea mbali na mwili, akaulaza mezani uso juu. Ukilazwa kifudifudi na kulipuka, alisema, chuma chake huruka kama kombora. Mita ya umeme hakuigusisha kwenye mfuko kabisa, maana hata umeme mdogo wa kipimo waweza kuuwasha. Nilimwuliza kama mfuko uliolipuka waweza kukunjwa upya, au kununuliwa mwingine wa gari bovu. Akacheka. Uliolipuka hubadilishwa pamoja na kisanduku chake, akasema, na ule wa gari bovu hujui ulikotoka wala umekaa juani miaka mingapi.

Kilichokatika ni utepe wa waya uliojiviringa chini ya usukani, upitishao umeme wa honi na wa mfuko pamoja. Wale wa gereji ya kwanza waliuacha usukani uzunguke ovyo ulipokuwa umefunguliwa. Utepe mpya ulipofungwa na betri kurudishwa, mzee aliniamuru nisimame nje ya gari, akapitisha mkono dirishani pembeni ya usukani, akafungua ufunguo. Taa ikawaka sekunde chache, ikazimika yenyewe, naye akabonyeza honi.