Machozi na Malango: Uandishi wa Habari kuhusu Kuondolewa kwa Makazi ya Walowezi Gaza, 2005

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna vyombo vya habari vilivyoripoti kuondolewa kwa walowezi na majeshi ya Israel katika Ukanda wa Gaza, Agosti na Septemba 2005. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya habari ilijikita katika tukio la kuhamishwa na uchungu wake, huku suala la nani angebaki na mamlaka juu ya mipaka, anga, bahari na sajili ya wakazi likipewa uzito mdogo. Makala yanaonesha pia kwamba kila istilahi iliyotumiwa kulitaja tukio hilo ilibeba msimamo wa kisera. Yanahitimisha kwa kubainisha mambo ambayo mtafiti, mshauri wa sera na mfasiri wa habari wanapaswa kuyazingatia wanapokutana na taarifa za aina hii.

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 2005, kizuizi cha Kissufim, njia kuu ya kuingilia katika makazi ya Gush Katif, kilifungwa kwa raia wa Israel. Siku mbili baadaye askari na polisi walianza kuwatoa kwa nguvu wale waliokataa kuondoka. Tarehe 22 Agosti yaliachwa makazi ya Netzarim, ya mwisho kati ya makazi 21 ya Gaza. Na kufikia tarehe 23 makazi manne ya kaskazini mwa Ukingo wa Magharibi, yaani Ganim, Kadim, Homesh na Sa-Nur, nayo yalikuwa yamebaki matupu. Askari wa mwisho walitoka Gaza tarehe 12 Septemba.

Walowezi walioondolewa Gaza walikuwa takriban 8,000. Wapalestina waliokuwa wakiishi katika ukanda huohuo walikuwa zaidi ya milioni moja na robo. Uwiano wa idadi hizi haukuonekana katika uwiano wa habari. Makala haya hayadai kwamba waandishi walidanganya. Mengi waliyoyaandika yalikuwa kweli. Swali linaloulizwa ni jinsi ukweli mmoja ulivyoweza kuufunika mwingine uliokuwa na matokeo makubwa zaidi.

2.0 Usuli: Uondokaji Uliopingwa

Tukio la 2005 lilikuwa na watangulizi wawili. Wa kwanza ni kuhamishwa kwa mji wa Yamit, Sinai, Aprili 1982, kulikotokana na mkataba wa amani kati ya Israel na Misri wa 1979. Waziri wa Ulinzi wakati huo alikuwa Ariel Sharon, na picha za televisheni za waandamanaji juu ya mapaa wakikabiliana na askari ziliwekwa katika kumbukumbu ya taifa hilo. Wa pili ni kuondoka kwa jeshi la Israel kusini mwa Lebanoni, Mei 2000, bila makubaliano na upande uliobaki. Yamit iliacha picha. Lebanoni iliacha mjadala, kwani Hizbullah iliutangaza uondokaji ule kuwa ushindi wa silaha.

Sharon, akiwa Waziri Mkuu, alidokeza mpango wa kujiondoa katika hotuba yake ya Herzliya, Desemba 2003, na Februari 2004 akamweleza mwandishi Yoel Marcus wa gazeti la Haaretz kwamba alikusudia kuyaondoa makazi ya Gaza. Hivyo mpango wenyewe ulifika kwa umma kupitia gazeti kabla ya kupita katika vikao vya chama chake. Tarehe 2 Mei 2004 wanachama wa Likud waliukataa katika kura ya maoni, takriban asilimia 60 wakipinga. Sharon hakurudi nyuma. Bunge liliuidhinisha tarehe 26 Oktoba 2004 kwa kura 67 dhidi ya 45, na Agosti 2005 Benjamin Netanyahu akajiuzulu Wizara ya Fedha kuupinga. Upande wa Palestina, Yasser Arafat alifariki Novemba 2004, na Mahmoud Abbas akachaguliwa Januari 2005. Lakini mpango ulibaki kuwa wa upande mmoja, usiotokana na mkataba.

3.0 Tendo Moja, Majina Mengi

Serikali ya Israel iliuita mpango wake hitnatkut, neno la Kiebrania lenye maana ya kujikata au kujitenga. Neno hilo halisemi nani anampa nani nini. Linamfanya mtenda kuwa ndiye pia mtendwa: Israel inajitenga, na Mpalestina hayumo katika sentensi. Walowezi na magazeti yaliyowaunga mkono walilikataa neno hilo na kusema gerush, yaani kufukuzwa, neno ambalo kwa msomaji wa Kiebrania linarudisha kumbukumbu ya kufukuzwa kwa Wayahudi Hispania mwaka 1492. Kwa kubadili neno moja, utekelezaji wa sheria ya bunge ulibadilika kuwa mkasa wa kihistoria.

Kwa Kiarabu hali ilikuwa hivyohivyo. Jina la mpango lilifasiriwa fakk al-irtibat, kukata uhusiano, istilahi ileile iliyotumika mwaka 1988 Mfalme Hussein wa Jordan alipokata uhusiano wa kiutawala na Ukingo wa Magharibi. Neno la kawaida katika habari lilikuwa insihab, kuondoka. Hamas ilipendelea indihar, kurudishwa nyuma kwa kushindwa, na kwa neno hilo ilidai kwamba roketi na mashambulizi yamefanya yale ambayo mazungumzo hayakuyafanya. Mamlaka ya Palestina ilihitaji neno lisilompa mpinzani wake ushindi huo, lakini haikuwa na mkataba wa kuuonesha umma kuwa tunda la mazungumzo.

Mfasiri wa Kiswahili anayepokea habari hizi kutoka mashirika ya kimataifa hakwepi mtego huu. Akisema Israel "imejiondoa", anafuata serikali. Akisema walowezi "wamefurushwa", anakaribia gerush. Akisema jeshi "limetimuliwa", ameingia katika indihar. Hata "kuondoka" kunaashiria kwamba aliyeondoka hayupo tena, na hilo ndilo hasa lililokuwa likibishaniwa.

4.0 Kilichoonekana

Jeshi la Israel lilijiandaa kwa kamera kama lilivyojiandaa kwa walowezi. Askari waliingia majumbani bila silaha, chini ya kaulimbiu ya kutenda kwa uthabiti na kwa hisia. Waandishi wengi wa ndani na wa kigeni walikuwapo. Picha zilizoenea ni za askari na mlowezi wakilia wakiwa wamekumbatiana, za familia zikitolewa mlangoni, na za vijana juu ya paa la sinagogi la Kfar Darom tarehe 18 Agosti wakiwamwagia polisi vimiminika. Rangi ya machungwa ya wapinzani wa mpango ilirahisisha kazi ya kamera: mtazamaji alitambua pande mbili bila maelezo.

Katika simulizi hiyo, mgogoro ulikuwa wa ndani ya nyumba moja. Swali lililobeba taharuki lilikuwa kama Waisraeli wangemwaga damu ya Waisraeli. Keshev, taasisi ya Israel iliyofuatilia vyombo vya habari vya nchi hiyo, ilieleza baadaye katika ripoti yake kwamba vyombo hivyo vilikuza mno uwezekano wa makabiliano ya umwagaji damu na kupuuza maswali kuhusu maana ya kisiasa ya mpango. Damu iliyomwagika kweli mwezi huo kwa sababu ya upinzani dhidi ya mpango ilikuwa hasa ya Waarabu: raia wanne wa Kiarabu wa Israel waliuawa Shfaram tarehe 4 Agosti, na Wapalestina wanne karibu na makazi ya Shilo tarehe 17, mara zote mbili kwa mkono wa Mwisraeli mwenye bunduki. Mauaji hayo yaliripotiwa na kulaaniwa, lakini hayakuwa mhimili wa simulizi.

Kulikuwa pia na suala la ulinzi wa kisiasa. Mwaka 2005 mchambuzi wa televisheni Amnon Abramovich alisema kwamba Sharon, aliyekuwa akikabiliwa na tuhuma za ufisadi, alipaswa kutunzwa kama etrog, tunda la jamii ya limau ambalo Wayahudi hulifunga kwa uangalifu wakati wa Sikukuu ya Vibanda, hadi mpango utekelezwe. Kauli hiyo ilizua mjadala mkali juu ya mipaka ya kazi ya mwandishi. Wengi waliounga mkono kuondoka waliona kuuliza maswali magumu ni kuwasaidia walowezi. Wapinzani wakaona humo uthibitisho kwamba vyombo vya habari vimepanga njama.

Upande wa pili wa uzio, kazi ya habari ilikuwa na mazingira yake. Al Jazeera na vituo vingine vya Kiarabu vilitangaza kutoka Gaza, lakini usalama wa wageni ulikuwa mdogo. Mwezi huohuo mfanyakazi wa televisheni ya Ufaransa alitekwa mjini Gaza na kushikiliwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kamera za kimataifa zilijazana pale zilipopokewa na kulindwa.

5.0 Kilichopita Bila Kuonekana

Mamlaka baada ya kuondoka hayakuwa siri. Maandishi ya mpango yaliyoidhinishwa na Baraza la Mawaziri la Israel tarehe 6 Juni 2004 yalisema wazi kwamba Israel ingelinda na kusimamia mzingo wa nchi kavu wa Gaza, ingebaki na mamlaka pekee juu ya anga lake, na ingeendelea na shughuli za kiusalama baharini. Oktoba 2004, Dov Weissglas, mshauri wa karibu wa Sharon, aliliambia Haaretz kwamba mpango ule ulikuwa kama dawa ya kuhifadhia maiti: ungezuia mchakato wa kisiasa na Wapalestina kuendelea. Ofisi ya Sharon ilijibu kwa kusisitiza kuwa bado inashikamana na mpango wa amani wa kimataifa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba habari hizi zilichapishwa, tena na gazeti kubwa. Waandishi kama Amira Hass walieleza kwa miaka namna vibali, vizuizi na sajili ya wakazi vilivyotawala maisha ya Gaza. Tatizo halikuwa kukosekana kwa habari. Sajili ya wakazi haina sura ya kupigwa picha, na lango lililofungwa hufanana leo na lilivyokuwa jana.

Mfano wa vibandakitalu unaeleza zaidi. James Wolfensohn, mjumbe wa mataifa na taasisi nne zilizosimamia mchakato wa amani, aliratibu ununuzi wa vibandakitalu vya walowezi kwa takriban dola milioni 14, akitoa sehemu kutoka mfukoni mwake, ili Wapalestina waendeleze kilimo cha kuuza nje. Jeshi lilipotoka, baadhi viliporwa, na picha za uporaji zikaenea. Lakini vingi vilikarabatiwa na kuzalisha mazao. Kilichoviua hasa ni kufungwa mara kwa mara kwa lango la mizigo la Karni mwanzoni mwa 2006, mazao yakiharibika kabla ya kuvuka. Uporaji ulichukua siku chache na ukapata picha. Karni ilichukua miezi na haikupata picha ya kulingana nayo. Hadi leo mabishano kuhusu Gaza hutaja la kwanza na kusahau la pili.

6.0 Mivutano ya Kikanda

Matokeo yalivuka mpaka haraka. Kwa makubaliano ya Septemba 2005 Misri iliweka walinzi 750 mpakani mwa Gaza, lakini mara jeshi la Israel lilipotoka, umati ulivuka ukuta wa Rafah kwa siku kadhaa. Mkataba wa Novemba 15, uliosukumwa na Condoleezza Rice, uliwezesha Rafah kufunguliwa chini ya waangalizi wa Umoja wa Ulaya. Tarehe 25 Januari 2006 Hamas ilishinda viti 74 kati ya 132 vya Baraza la Kutunga Sheria. Juni 2006 askari wa Israel alitekwa karibu na Kerem Shalom, Julai vita vikazuka Lebanoni, na Juni 2007 Hamas ikaitwaa Gaza kwa nguvu, kisha mzingiro ukakazwa.

Kila upande uliyasoma matukio haya kwa neno lake la 2005. Aliyesema "tumejitenga" aliona roketi zilizorushwa Sderot kuwa ni utovu wa shukrani baada ya zawadi. Aliyesema indihar aliona uthibitisho wa njia yake. Aliyekuwa amefuatilia malango hakushangaa, lakini sauti yake haikuwa imesikika wakati maamuzi yalipokuwa yakifanywa.

7.0 Hitimisho

Suala la 2005 halijawa historia tu. Machi 2023 Bunge la Israel lilifuta vifungu vya sheria vilivyowazuia Waisraeli kurudi katika maeneo ya makazi manne ya kaskazini mwa Ukingo wa Magharibi. Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza, katika maoni yake ya ushauri, kwamba baada ya kuondoka kule Israel iliendelea kushika vipengele muhimu vya mamlaka juu ya Gaza, na kwamba wajibu wake unalingana na kiwango cha udhibiti wake. Mahakama ilifika, baada ya miaka 19, mahali ambapo maandishi ya mpango wenyewe yalikuwa yamekwisha kuelekeza.

Kwa mshauri wa sera, funzo ni kusoma habari za uondokaji kwa kuuliza maswali yasiyo na picha: nani anashika lango, nani anagonga muhuri, nani anahifadhi sajili, na ni makubaliano gani yanayomfunga. Kwa mhariri na mfasiri wa Kiswahili, ni kutaja kilichoondoka na kilichobaki katika sentensi moja: kwamba walowezi na askari walitoka ndani ya Gaza, na udhibiti wa mipaka yake, anga na bahari ukabaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa Israel. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko neno "kujiondoa", lakini ingemwezesha msomaji wa Septemba 2005 kuelewa kwa nini mwaka uliofuata haukuleta utulivu.