Mashimo ya Bamburi na mashimo ya kwetu Masisi

Mwaka 1971, mtu aliyesimama katikati ya machimbo ya Bamburi, kaskazini kidogo mwa kisiwa cha Mombasa, asingeona jani la kutia kivuli. Kampuni ya saruji iliyoanzishwa na Felix Mandl mwaka 1951 ilianza kutoa saruji mwaka 1954, na tangu hapo tingatinga zilikuwa zikikwangua jiwe la matumbawe ambalo zama za kale lilikuwa mwamba ndani ya bahari. Udongo wa juu ulikwisha kuondolewa. Kilichobaki ni sakafu nyeupe, imechimbwa hadi karibu na maji ya chini ya ardhi, na maji yenyewe yana chumvi. Jua lilipiga juu ya weupe ule, upepo wa baharini ukamalizia kukausha. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Familia zinakuja Jumapili kulisha twiga, kutazama viboko na mamba kwenye mabwawa, na kutembea chini ya miti mirefu.

Mimi ni mtu wa Ngungu, kusini mwa Masisi, huko Kivu, mashariki mwa Kongo. Mombasa nimefuata makasha: wafanyabiashara wa Goma wakiagiza bidhaa Dubai au Uchina, mimi ndiye ninayezipokea bandarini, nikahangaika na karatasi za forodha, nikazipandisha malori. Siku nisiyokuwa na meli naenda Haller Park. Wenzangu hudhani nafuata wanyama. Ukweli ni kwamba ninakotoka milima imetobolewa. Kati ya Ngungu, Numbi na Rubaya watu wanachimba koltani, kasiteriti na turmalini, na shimo likiisha mali linaachwa lilivyo. Mvua ya kwetu haina subira, na baada ya masika moja shimo limegeuka bwawa. Tulipokuwa watoto tuliogelea humo, maji yamekorogeka kama chai ya maziwa, chini tope linalonasa mguu, kingo ni udongo mtupu usio na mzizi wa kushikilia. Mama zetu walitukataza, na walikuwa na haki. Ukingo ukimeguka, mtoto hana pa kushika. Wala hapakuwa na kitu cha kutazama: vyura wachache, mbu wengi, samaki hakuna. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mabwawa ya Bamburi nayo ni machimbo, nikataka kujua yamepita njia gani.

Njia hiyo ilifunguliwa na René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo na bustani ambaye kampuni ilimwajiri mwaka 1959. Alipopewa machimbo mwaka 1971, alianza kwa kujaribu. Alipanda aina 26 za miti kwenye jiwe lile lile, kwenye chumvi ile ile, akangoja aone ipi itakubali. Zilizovumilia ni tatu: mnazi, mti wa upande wa Somalia ambao wenyewe huuita damas, na mvinje.

Mvinje ndio ulioibeba kazi nzima. Kwenye mizizi yake kuna vinundu, na ndani ya vinundu wanaishi bakteria wa jamii ya Frankia wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza chakula cha mti. Ndiyo sababu unaweza kuota pasipo na udongo, na ndiyo sababu pwani yote hii unaukuta umejipanda kwenye mchanga mtupu. Miche ilikua haraka, kivuli kikapatikana, joto likapungua chini yake. Mtu mwenye haraka angeishia hapo, akapiga picha na kutangaza kwamba machimbo yamepona.

Lakini mvinje unapukutisha vijiti vyembamba vya kijani tunavyodhani ni majani, na vijiti hivyo vina tanini nyingi. Haviozi upesi. Vilirundikana juu ya jiwe vikiwa vikavu, na chini yake hapakuwa na udongo wowote unaotengenezwa. Msitu ulikuwa umesimama juu ya mkeka. Haller akamwona jongoo, mmoja wa wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu, anatafuna vijiti vile. Akaleta mamia, akawaachia msituni.

Hapa naomba msomaji ainame nami. Ukifika saa za asubuhi baada ya mvua, ondoka kidogo kwenye njia, chutama chini ya mvinje, ufunue mkeka kwa kidole. Juu vijiti ni vizima na vya kahawia. Chini kidogo vimekatika vipande. Chini zaidi utaona punje ndogo ngumu, nyeusi, zimelingana kama zilizotoka kwenye kinu: ni mavi ya jongoo, na bakteria wanaendelea kuyavunja. Chini ya punje hizo kuna udongo mweusi, unanukia, unashika vidole. Ukisukuma zaidi unagonga jiwe jeupe. Tabaka zote hizo unazifunika kwa kiganja, na kila kilichopandwa baadaye, mikuyu na miti mingine ya asili ya pwani, kimesimama juu ya kazi hiyo. Mivinje yenyewe ilipokomaa ilivunwa polepole kwa nguzo na mbao, ikaipisha ile ya asili.

Mabwawa yalikuja kwa mtindo huo huo wa kuuliza kitu kitafanya kazi gani. Maji ya chini yalikuwa karibu, kwa hiyo kuchimba bwawa halikuwa jambo gumu. Ugumu ni kulifanya liishi. Maji yaliyotuama bila samaki ni nyumba ya mbu, sisi wa Masisi tunalijua hilo bila kufundishwa. Samaki wanakula viluwiluwi vya mbu, na samaki ni chakula. Ukaanzishwa ufugaji wa perege, maji ya mabwawa yenye mbolea ya samaki yakapelekwa mashambani, mamba wakafugwa, pofu na choroa wakaletwa malishoni. Viboko yatima walipata pa kukaa. Kuogelea humo hakuruhusiwi, na nadhani kila mtu anaelewa kwa nini. Anayetaka mazoezi ana njia za kukimbia na kuendesha baiskeli kwenye sehemu nyingine ya machimbo, Bamburi Forest Trails. Umma ulianza kukaribishwa mwaka 1984, Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mazingira ukamtunuku Haller mwaka 1987, na bustani ikapewa jina lake mwaka 1999.

Dunia iliijua bustani hii kwa Owen na Mzee. Desemba 2004, siku ya tsunami, mtoto wa kiboko, ndiye Owen, alikwama baharini karibu na Malindi, watu wakamwokoa, akaletwa hapa, akajishikiza kwa Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra mwenye umri wa zaidi ya miaka mia. Ni kisa kizuri, na watoto wangu wanakipenda. Lakini kama ningeulizwa sanamu ya nani isimamishwe langoni, ningemtaja jongoo.

Kuna jambo moja ambalo mabango ya bustani hayawezi kulisema, kwa sababu hapa ni la kawaida. Aliyechimba alikuwepo. Kiwanda kilikuwa palepale, mishahara ilitoka kila mwezi, mapato ya saruji yalilipa watunza miche mwaka wa kwanza, wa kumi na wa thelathini. Wenye hisa wamebadilika, mwishoni mwa 2024 kampuni ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania, na bustani ingali na anwani ya kudaiwa.

Kwetu anwani hiyo ilipotea. Mwaka 1976 kampuni kadhaa za bati za Kivu ziliunganishwa zikawa SOMINKI. Bei ya bati ikaanguka mwaka 1985, na kampuni haikurudi tena kuwa ilivyokuwa. Ilivunjwa katika miaka ya vita. Halafu mwishoni mwa 2000 bei ya koltani ikapaa ghafla, na malisho ya ng'ombe ya Masisi yakafunuliwa kwa sululu. Mchimbaji wa mikono anamfanyia kazi PDG, yule mwenye shimo, na PDG naye kesho yuko mlima mwingine, au amekimbia risasi. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mwenye leseni arekebishe ardhi aliyoichimba. Ni sheria nzuri. Shimo ninalolijua mimi halijawahi kuwa na mwenye leseni, na waliolichimba wengi wao waliishia kwenye kambi za wakimbizi.

Hata hivyo siamini kwamba lazima tungoje kampuni ndipo mti upandwe. Mvinje hautafaa Masisi, ni mti wa joto na mchanga, na kwetu asubuhi mtu anavaa koti. Lakini kwenye nyanda za juu za Rwanda, jirani zetu wamepanda sana mti wa alnus kwenye kingo za matuta. Mizizi yake ina vinundu vya Frankia pia, jamii ile ile ya bakteria inayoulisha mvinje wa Bamburi, na majani yake yanaoza vizuri. Nilimweleza mdogo wangu kwa simu, yeye bado yuko Ngungu, nikamwambia azungushie miche kwenye lile bwawa lililo chini ya kwetu.

Akanijibu: "Yaya, miti haikatai kuota. Ng'ombe watakula yote kabla ya Pasaka. Nani atamlipa mchungaji azuie?"

Ndilo swali lenyewe, na Bamburi lilijibiwa na kiwanda. Tumekubaliana hivi: mwenye malisho atatoa kipande kile kisilishwe kwa miaka mitatu, na sisi watoto wa pale tulio nje, Mombasa, Kampala na Nairobi, tutachanga posho ya mlinzi mmoja na gharama ya uzio wa matete. Mwenye malisho ameuliza akipanda na majani ya ng'ombe katikati ya miti ataruhusiwa kuyakata. Nimemwambia ayakate, ila mizizi aiache.