Kanisa Lililojengwa Penye Soko la Watumwa

Jengo tutakalolieleza leo liko mbali na milima yetu ya Kibondo na Kasulu, lakini habari zake zaanzia karibu nasi, pale Ujiji.

Zamani misafara ya pembe na watumwa ilivuka ziwa kutoka Manyema, ikapumzika Ujiji, kisha ikashika njia ya Tabora hata pwani. Wazee wa Buha waliijua sana misafara. Mwaka 1871 Stanley, akienda kumtafuta Livingstone, alitozwa hongo nyingi katika nchi yetu. Wengi wa watumwa walikufa njiani. Baadhi ya waliosalia walivushwa bahari, wakauzwa sokoni Mkunazini, mjini Unguja.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alikubali kulifunga soko hilo. Siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale pale. Edward Steere, aliyepata uaskofu mwaka 1874, ndiye aliyesimamia kazi.

Huko Ulaya makanisa mengi ya Kiprotestanti yalifuata mfano wa mahekalu ya Wayunani na Warumi. St Martin-in-the-Fields la London, lililomalizika mwaka 1726, lina safu ya nguzo mbele na pembetatu juu yake. Kanisa la Unguja halina sura hiyo. Madirisha yake yamechongoka juu, na mapambo yake yamechanganya ya Kizungu na ya Kiarabu. Lakini paa lake lafuata maarifa ya Warumi wa kale.

Sisi tukijenga nyumba hutafuta kwanza miti ya paa. Askofu hakutaka boriti. Mawe ya matumbawe yalipondwa, yakachanganywa na saruji, yakamwagwa juu ya kalibu ya mbao iliyopindwa kama upinde. Mchanganyiko ulipokauka, kalibu iliondolewa. Uzito wa paa washuka pande mbili hata kwenye kuta nene. Wengi walisema litaanguka. Lingali limesimama hata leo. Husimuliwa pia kwamba Askofu alipokuwa safarini, mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo.

Ndani umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Hata hivyo tusidanganyike. Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria ya Unguja iliendelea kuutambua hata 1897, na ya Tanganyika hata 1922. Tena, kaburi la Askofu lajulikana, na jina la Livingstone lasomwa shuleni. Bali waliouzwa pale hawakuandikiwa majina. Mwaka 1998 palichimbwa shimo nje ya kanisa, zikawekwa humo sanamu za watumwa wenye mnyororo shingoni. Nazo pia hazina majina.

Basi, ninyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu kama katika ukoo wenu yuko aliyechukuliwa asirudi. Wakimtaja, liandikeni jina lake. Jengo limetunza mahali. Majina yatatunzwa na sisi.